Kimya cha Salamu Maria Moja

Ijumbi, Jumanne, 3 Machi 1992

Si desturi yangu kuomba radhi kwa karatasi. Hata hivyo, jana nilipolifungua daftari hili na kuona kwamba tarehe ya mwisho ni 9 Septemba 1988, niliona haya kama mwanafunzi aliyekutwa hana kazi ya nyumbani. Kwa miaka thelathini na mmoja niliwaamuru watoto wa watu waandike shajara kila siku, walau sentensi moja, na walioacha niliwasimamisha ukutani. Mimi nimeacha kwa miaka mitatu na nusu. Tarehe hiyo ya Septemba tulimzika Philbert, mtoto wetu pekee, na sikuona sentensi iliyostahili kufuata. Naomba radhi, basi, na ninaendelea.

Naanza tena kwa sababu ya jicho la mume wangu. Daktari wa macho atakuwa Bukoba wiki ijayo. Ataniuliza maswali, na sipendi kujibu kwa kubahatisha.

Niliyoyaona ni haya. Jicho la kulia la Anatory huamka jekundu na lenye machozi. Mchana hupungua, kesho yake hurudi. Zaidi ya hayo, haoni vitu vya pembeni. Ametia bega nundu kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, mlango ambao aliujenga yeye mwenyewe. Jumapili alimpita Padri mlangoni mwa kanisa bila salamu, na watu wakasema mzee amekuwa na kiburi. Anatory hana kiburi hata cha kuazima.

Tena analala mchana. Analala akimenya ndizi. Jana alilala katikati ya sentensi yake mwenyewe, nami nilimkemea kwa uvivu.

Jumatano ya Majivu, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Anatory alipakwa majivu, akalala kabla ya Komunyo. Nilimfinya.

Jumapili, 8 Machi

Barua ya Kokuberwa imefika. Huyu ni binti wa marehemu Philbert, tuliyemlea sisi, na sasa anafundisha shule ya msingi kule mwaloni, bandari ya wavuvi kando ya ziwa. Anaandika kwamba kijana aitwaye Masalu anataka kuleta wazazi wake kujitambulisha. Baba yake, Mzee Mayunga, ana mitumbwi sita kisiwani. Ni Wasukuma. Kijana ni Mkatoliki.

Nilimsomea Anatory barua. Akafurahi, akapiga paja.

"Tutakula sangara mpaka tuote magamba!"

"Wavuvi," nikasema. "Watu wa visiwani. Unajua hali ya visiwani siku hizi."

"Nao huko wanasema, 'Wahaya wa Ijumbi, unajua hali ya Ijumbi siku hizi.' Kila mtu ana upande wake wa kuogopa, Mwalimu."

Niliikunja barua. Nyumba yetu ilitoa jeneza moja kwa ugonjwa huu wa siku hizi, unaomkondesha mtu mpaka kaburini, na katika kijiji hiki hakuna anayesahau.

Bilele, Bukoba, Jumanne, 10 Machi

Basi kutoka Muleba lilikwama kwenye tope mara mbili. Tumefikia kwa mdogo wangu Joviana. Anatory alikula sahani mbili za ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa maharage, na Joviana akamtazama kwa furaha.

"Shemeji, mwili huo! Mungu akuhifadhi. Hapa mtaani watu wamebaki mifupa."

Nami niliona fahari. Naandika ukweli: niliona fahari.

Bilele, Jumatano, 11 Machi

Hii ni siku ya kuandikwa kwa urefu.

Asubuhi Joviana alikuja jikoni akiwa na macho mazito. Ukuta kati ya vyumba vyetu ni wa mbao.

"Dada, mumeo anakoroma kama mashine ya kusaga. Hilo ni afya, silalamiki. Lakini mbona mashine inazimika?"

"Inazimika vipi?"

"Inazimika! Inasaga, inasaga, halafu kimya. Mimi nangoja. Nikisema sasa nimwite Dada, inawaka kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini."

Nilimwambia kwamba ni hivyo tangu miaka kadhaa, na kwamba mimi hupata usingizi wangu katika vimya hivyo.

Daktari wa macho anaitwa Mujuni. Ni kijana wa Nshambya, mwembamba, mwenye kalamu nne mfukoni. Alimwangalia Anatory jicho la kushoto, kisha la kulia, kwa taa yake ndogo. Akapima presha ya macho. Halafu akaweka kidole gumba juu ya kope ya juu ya jicho la kulia, akaivuta kidogo tu kuelekea kwenye nyusi. Kope ikafunuka ikageuka nje yenyewe, nyekundu, kama shingo ya sweta kuukuu. Nilishtuka. Daktari hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akilitafuta.

"Mzee, unalala upande gani?"

"Upande wa mlangoni," akasema Anatory. "Tangu mwaka arobaini na tisa, yeye ni wa ukutani, mimi ni wa mlangoni, mwizi akija aanze na mimi."

"Nauliza ubavu, Mzee. Kulia au kushoto?"

"Ah! Mgongo. Nikichoka mgongo, kulia."

"Na unakoroma?"

"Mimi sijawahi kujisikia."

Hapo daktari alinigeukia. "Mama, anakoroma?"

Nikamweleza yote, pamoja na kuzimika. Aliweka kalamu chini.

"Kimya hicho kina urefu gani? Umewahi kukipima?"

Nilisema kwamba hatuna saa yenye mshale wa sekunde, lakini usiku mimi huwa na rozari mkononi. Tangu pumzi inapokatika mpaka inaporudi humaliza Salamu Maria moja, na mara nyingi zaidi mbili. Mara nyingi hufika "saa ya kufa kwetu" ya pili ndipo anavuta hewa.

Daktari hakucheka. Alivua saa yake akaiweka mezani. "Nisalie moja, Mama, kwa mwendo wako wa usiku." Nikasali. Sekunde kumi na nne. Akaandika: *28*. Akaitazama ile tarakimu kama mzazi anavyotazama ripoti mbaya.

Maelezo yake nayaandika kama nilivyoyaelewa. Mtu mnene alalapo chali, koo lake hulegea na kujifunga. Kifua kinajaribu kuvuta hewa, hewa haipiti. Damu inakosa hewa safi, mpaka mwili unashtuka na kumwamsha nusu, bila yeye kujua. Hutokea mara nyingi usiku mmoja; ndiyo maana mchana anasinzia. Si uvivu. Kope zake zimelegea, hivyo usiku hugeuka na kusuguliwa na mto; ndiyo sababu ya wekundu. Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba nyuma ya jicho kuna mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa huo unahitaji damu yenye hewa. Wa Anatory umeanza kufa ukingoni, katika macho yote mawili, na presha ya macho iko juu.

"Wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani usingizi huu unaharibu ule mshipa," akasema. "Mimi nimeona wagonjwa wa kutosha, siwezi kungoja wamalize kubishana."

"Matone yatamponya?" nikauliza.

"Matone yatashusha presha. Kilichopotea hakirudi, Mama. Tunalinda kilichobaki. Na hatuwezi kukilinda ikiwa kila usiku anazamishwa. Ulaya kuna mashine ya kupuliza hewa puani. Hapa hakuna. Hapa kuna mambo matatu: asilale chali, aache pombe, apungue."

"Apungue nini?" akauliza Anatory.

"Mwili, Mzee. Una kilo mia na nne. Naomba angalau kumi na tano."

 Anatory akanitazama, mimi nikamtazama. Ni daktari aliyesema kwa sauti ya chini, kwa Kihaya, kwamba anajua anachotuomba. Yeye naye ni mtu wa hapa.

Ijumbi, Alhamisi, 12 Machi

Jana usiku kwa Joviana nilishindwa kulala; leo tumerudi nyumbani. Lazima niandike kwa nini.

Philbert alipougua, alikuwa na kilo sabini. Tulipomzika, Anatory alimbeba mikononi peke yake. Tangu siku hiyo majirani walitutazama kwa macho ya kuhesabu: ni nani atakayefuata? Katika miaka hii mtu akikonda, hata kwa malaria, hata kwa huzuni, watu hupunguza sauti akipita. Basi niliapa kwamba katika nyumba yangu hakuna atakayekonda tena. Nilimwongezea Anatory kijiko, halafu sahani. Ebitoke asubuhi, ebitoke jioni, karanga katikati, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, kila aliposema kiu. Alikubali kila kitu; hajawahi kuirudisha sahani yangu. Tumbo lilipotokeza, nilimshonea mashati mapya na kumpeleka kanisani akae kiti cha mbele. Kila kilo yake ilikuwa jibu langu kwa majirani. Kukoroma kwake kulipovuka kibanja chetu cha migomba mpaka kwa jirani yetu Rugaibula, nilisema, wasikie.

Na pumzi ilipokatika, nilimshukuru Mungu kwa utulivu.

Nimesahihisha madaftari maelfu. Kosa langu mwenyewe limelala kando yangu miaka mitatu na nusu, nami sikuliona.

Asubuhi nilimwambia haya yote. Alisikiliza huku akitafuna kahawa yake ya akamwani.

"Kwa hiyo unataka nikuadhibu?"

"Nataka ujue."

"Nimejua. Lakini Mwalimu, kile chakula kilikuwa kitamu. Usiniombe radhi kwa kitu kitamu."

Jumamosi, 14 Machi

Daktari alisema nishone kitu mgongoni mwa shati la kulalia ili asilale chali. Nilimwomba Rugaibula mpira mmoja wa wajukuu wake, ule wa kufuma kwa makamba ya migomba. Nimeushonea mfukoni, katikati ya mgongo. Anatory amelivaa shati hilo na kujitazama.

"Nimekuwa kobe."

Jumapili, 15 Machi

Kobe alilala ubavu wa kushoto. Vimya vimepungua. Matone saa moja asubuhi na saa moja jioni. Yanawasha, analalamika kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jumatano, 25 Machi

Mvua inanyesha kila alasiri. Kahawa inajaza matawi.

Tumefunga kwa Kwaresima, na hilo limetufaa. Anatory anakula kipande kimoja cha ndizi, mboga na samaki mdogo, wala hakuna anayeuliza. Rugaibula alisema, "Mzee mwaka huu umekuwa mtawa!" Rubisi ameacha. Siku ya tatu alikaa karibu na mtungi wa Rugaibula akiunusa tu, akasema kunusa si kunywa. Nilimwondoa.

Jumanne, 7 Aprili

Leo hakusinzia hata mara moja. Alinisimulia habari ya kahawa ya mwaka 1961 mpaka mwisho. Nilikuwa nimeisahau sauti yake ikimaliza hadithi.

Jumapili ya Pasaka, 19 Aprili

Kristo amefufuka. Kilo tisini na nane kwenye mizani ya chama cha ushirika. Kwaresima imekwisha na pazia letu limeondoka nayo.

Jumanne, 28 Aprili

Leo Rugaibula alikuja kuazima panga, akakaa, akamtazama Anatory shingoni, pale kola ilipoachia nafasi. Akainama kuelekea kwangu na kusema kwa ile sauti iliyopunguzwa: "Pole, Mwalimu."

"Pole ya nini?"

"Ah. Pole tu."

Sauti hiyo niliisikia mara ya mwisho mwaka 1988.

Jioni nilimkuta Anatory chumbani anavaa mashati. La kwanza, la pili juu yake, la tatu, sweta, kisha koti lake la harusi ya Philbert. Jasho lilikuwa likimtoka.

"Huo ni uongo," nikamwambia.

"Shati si uongo, Mwalimu. Shati ni nguo."

"Matatu?"

"Kama moja si uongo, matatu yatakuwaje uongo? Nihesabie wewe uliyefundisha hesabu." Akafunga kifungo cha koti, kikakubali kwa shida. "Mimi sijali wanavyosema juu yangu. Lakini Kokuberwa ana wageni njiani. Nani atachukua mke katika nyumba yenye kaburi moja na la pili linalosubiri?"

 Nilimnyooshea kola ya shati la ndani ili isionekane.

Jumapili, 10 Mei

Kokuberwa amekuja, ameloa. Hata kabla ya chai alilia.

"Bibi, habari zimefika mpaka mwaloni. Wanasema babu anakwisha. Mzee Mayunga amesema atakuja mwenyewe tarehe thelathini. Si kujitambulisha tena. Anakuja kuona."

Nilimweleza habari ya daktari. Alisikiliza, anamwamini daktari, lakini alisema jambo la kweli: "Bibi, mimi nitawaelezaje watu wa mwaloni kwamba babu anakonda kwa sababu ya macho?"

Anatory akawa ametega sikio. "Mbona rahisi? Wiki tatu hizi nile. Ebitoke, karanga, rubisi. Wageni wanikute nimejaa. Wakishaondoka, nirudi kwa daktari."

Daktari alisema kila kinachopotea hakirudi. Wiki tatu zingegharimu ukingo gani wa macho yake, hakuna ajuaye. Niliwatazama wawili hawa ninaowapenda, mmoja analia, mwingine anacheka, nikaenda jikoni kumenya ndizi. Ndiyo, mimi. Nilimenya nyingi.

Jumatano, 13 Mei

Siku tatu za kula. Rubisi bakuli mbili jana. Jicho jekundu.

Alhamisi, 14 Mei

Kokuberwa amelala kwetu juma hili. Shule yao imefungwa kwa mafuriko. Analala chumba cha pili, ukuta mmoja na sisi. Asubuhi alikuja mezani, uso wake umekakamaa. Mimi nilikuwa nimemwekea babu yake sahani.  Aliichukua sahani mbele ya mkono wa mzee uliokuwa umekwisha kunyooshwa, akairudisha jikoni.

"We mtoto!" akasema Anatory.

"Nilihesabu, babu. Nilifika thelathini na nne. Nilidhani umekufa." Akarudi na kuanza kufuta meza. "Sitaki harusi ya namna hiyo. Asiyetaka babu mwembamba, asinitake mimi."

Nimemfundisha msichana huyu kusoma, kushona na kusali. Ujasiri huo hakuupata kwangu. Mimi nilikuwa jikoni nikimenya ndizi.

Jumatano, 27 Mei

Bukoba, kwa Daktari Mujuni. Kilo tisini na mbili. Presha ya macho imeshuka. Ukingo uko palepale ulipokuwa Machi: haukurudi, haukusogea. "Haukusogea ndilo neno ninalolipenda kuliko yote," akasema.

Jumamosi, 30 Mei

Wageni wamekuja na wameondoka. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Mzee Mayunga alishuka kwenye pikapu akiwa mtu mkubwa kweli, mwenye shingo kama gogo la mninga, pamoja na mkewe Limi, mrefu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Masalu alikuja nyuma yao na sangara mkubwa kuliko heshima inavyodai. Nilikuwa nimejiandaa kutowapenda. Lakini Limi aliingia, akavua viatu, akaenda moja kwa moja jikoni kumsaidia Kokuberwa bila kuulizwa, na maandalizi yangu yakapungua nguvu.

Anatory aliwapokea kwa mashati matatu, sweta na koti. Kokuberwa alikuwa amemsihi asivae. Alivaa hata hivyo; alisema ni mara hii tu. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua na sebule ilikuwa kama tanuri.

Niliwapa akamwani. Mayunga alitafuna punje mbili, akaweka mikono magotini.

"Mzee Anatory, mimi ni mtu wa ziwani, sijui kuzunguka. Tuliambiwa jambo, tukaja kuona."

"Mmeona nini?" akauliza Anatory, jasho likimtiririka mpaka kidevuni.

"Nimeona koti."

Limi alisema kwa upole, "Mzee, vua basi, joto hili litakuua."

"Nina baridi kidogo."

Nilitamani ardhi inifunike. Mtu anayesema ana baridi huku anatota jasho: katika miaka hii hakuna maneno mabaya zaidi ya hayo.

Tuliandaa chakula. Mayunga alikula vizuri, akasifu ebitoke, akaegemea kiti. Masalu alianza kueleza kuhusu kazi yake ya samaki, na baba yake akiwa bado anamtazama, kichwa kikamwanguka nyuma. Alikuwa amelala. Akaanza kukoroma.

"Msamehe," akasema Limi kwa haya. "Ni uchovu wa ziwa. Ana afya sana, huyu, halali mtu kambi nzima."

Halafu kukoroma kukakatika.

Sikupanga kufanya nilichofanya. Midomo yangu ilianza yenyewe, kama kila usiku: Salamu Maria, umejaa neema. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka lakini hakuna sauti iliyopita. Watu wote walinisikia sasa. Nilifika mwisho, nikaanza ya pili. Nilikuwa nimefika "saa ya kufa kwetu" ndipo alipovuta hewa kwa kishindo, miguu ikapiga meza na vikombe vikaruka.

Anatory alisimama.

"Mwalimu! Huyo ni mimi!"

Limi alikuwa ameshika mdomo. "Mayu, mama yangu! Mwalimu, wewe unaijua hii? Sisi tulidhani anakabwa na mtu. Nimempeleka kwa waganga wawili. Tulihama kambi kwa ajili hiyo!"

"Jicho lake," nikauliza, "huamka jekundu?"

"Kila siku. Tunasema ni moshi wa kukausha samaki."

"Na pembeni? Anaona vizuri?"

Masalu ndiye aliyejibu, polepole. "Mwezi wa pili aligonga mtumbwi kwenye mwamba mchana kweupe. Mwamba anaoujua tangu utoto. Alisema haukuwepo."

Hapo Anatory alianza kuvua. Koti. Sweta. Shati la kwanza, la pili, la tatu, akilitupa kila moja juu ya kiti na kuhesabu kwa sauti kama mnadani. Akabaki na fulana iliyomlegea mwilini, akigeuka ili Limi amwone pande zote.

"Kilo kumi na mbili! Kwa amri ya daktari, kwa ajili ya macho, na kwa ajili ya kile kimya ulichokisikia sasa hivi. Yaliyobaki yote ni nguo."

Ni wakati huo Mzee Mayunga alipofungua macho. Alitazama fulana. Alitazama rundo la mashati. Akamtazama mkewe aliyekuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Limi, nimelala muda gani? Mbona mzee yuko uchi?"

Tulicheka sote. Kokuberwa alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nami, ambaye sijacheka mbele ya wageni tangu uhuru, nilitumia leso.

Nilimweleza Mayunga kila kitu kwa utaratibu, kama somo: koo, hewa, mshipa wa jicho, matone, mpira wa makamba. Nilimwandikia jina la Daktari Mujuni na siku zake. Alikunja karatasi mara nne. Alikuwa ameacha kucheka.

"Mwalimu, unajua unachoniambia? Mwenye mitumbwi akikonda, wavuvi wanahama kambi. Wanunuzi wanakimbia. Watasema, Mayunga naye. Nitavaa mashati mangapi mimi?"

"Hakuna shati la kutosha," akasema Anatory. "Nimejaribu."

"Na nisipokonda?"

"Mwamba uleule," nikamwambia, "na siku moja hautakuwa pembeni. Utakuwa mbele."

Aliikunjua karatasi, akaisoma tena, akiisogeza kulia ili aione. Niliona hilo. Limi pia aliliona.

"Nilikuja kusema ndiyo au hapana kuhusu vijana," akasema akiinuka. "Sasa swali limekuwa langu. Nikikubali kukonda, nitakuwa na sababu gani ya kumkataa mjukuu wa mtu aliyekonda? Na nikiogopa..." Akaitia karatasi mfukoni. "Nipeni muda."

Mlangoni Limi alinishika mkono. "Mama Mwalimu, lile shati la mpira. Nionyeshe unavyoshona mfuko." Nikamwonyesha. Alikagua mishono kama mtu anayejua, akasema mpira wangu uko juu mno, ushuke kidole kimoja. Yuko sahihi.

Alhamisi, 4 Juni

Mvua zimeisha. Kahawa za kwanza zimeiva upande wa bonde.

Leo nimepeleka suruali mbili za Anatory na koti kwa fundi cherehani, si nyumbani kwake kwa siri, bali pale barazani kwake siku ya gulio, watu wakipita. Nilisema kwa sauti ya darasani: "Punguza kiuno sentimita kumi na moja." Fundi alinitazama. Rugaibula, aliyekuwa akinunua chumvi, alinitazama pia, akaanza, "Pole, Mwa..."

"Usinipe pole," nikamwambia. "Keti hapa nikueleze. Mkeo anasema na wewe unakoroma."

Aliketi. Wengine wanne wakasogea.

Jana usiku pumzi ya Anatory ilikatika mara moja tu niliyoisikia. Nilianza Salamu Maria. Sikupita "umejaa neema". Alikuwa amekwisha kuvuta hewa, akageuka na kobe wake, akasema usingizini jina langu la utotoni, ambalo hakuna mwingine aliye hai analolijua.

Leo asubuhi alipita jikoni bila kugusa mwimo. Amejifunza kugeuza kichwa.

Hakuna habari kutoka kisiwani. Kokuberwa amerudi mwaloni na hasemi kwamba ana wasiwasi, lakini ameandika barua mbili ndani ya siku nne. Daktari Mujuni atakuwa Bukoba Jumanne. Ama mtu mkubwa mwenye shingo ya gogo atasimama kwenye foleni yake, ama hatasimama. Mzee Mayunga akishaamua, nitaandika hapa siku hiyohiyo, liwe jibu lolote, na safari hii sitangoja miaka.